Kobe Aliyenaswa na Nyavu Bwawani: Mwongozo Kamili wa Kumwokoa na Kumuuguza Mpaka Arudi Majini

Simu huja asubuhi, wavuvi wakishatoa nyavu. "Tumemkuta kobe amenaswa, tukamkata nyuzi, tukamrudisha majini. Mbona amezama?"

Nimeshajibu swali hilo mara nyingi mno, na jibu ni lile lile. Kobe wa majini si samaki. Anapumua hewa kwa mapafu kama wewe. Aliyekesha ndani ya wavu amechoka, amekunywa maji, na pengine maji hayo yako mapafuni. Ukimtupa bwawani asubuhi hiyo hiyo, unamalizia kazi ambayo wavu uliianza.

Maelekezo haya ni ya kobe wa maji baridi, hawa wa Hombolo, Mtera, ardhi oevu ya Bahi na malambo ya vijijini kwetu Dodoma. Mengi yanayosambazwa kwenye simu yanahusu kasa wa baharini, wanaoishi kwenye maji ya chumvi na kutibiwa kwenye matangi ya chumvi. Mtu wa Hombolo akiyafuata neno kwa neno anajikuta anamimina chumvi kwenye beseni la kobe asiyeijua bahari.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Weka vyote kwenye ndoo moja yenye mfuniko. Kobe akishaletwa hutapata muda wa kutafuta mkasi.

- Mkasi wa bandeji, ule wenye ncha butu upande mmoja
- Plaizi ya kukatia waya, kwa ajili ya ndoana
- Kibano
- Dripu mbili za maji ya chumvi ya asilimia 0.9
- Ayodini ya kahawia ya duka la dawa, ya asilimia 10
- Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake
- Chachi, plasta na glovu
- Mashuka mawili makuukuu ya pamba (taulo ina vitanzi vinavyonasa kucha)
- Beseni pana, na kreti au boksi gumu lenye matundu
- Kipimajoto cha maji
- Mizani ya jikoni ya dijitali
- Daftari na kalamu

Dripu ikikosekana, chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe, kisha tia gramu 9 za chumvi. Kwa kijiko cha chai ni kimoja na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu. Usikadirie kwa kiganja.

### Dawa za kuweka mbali

Hapa ndipo sisi wa mkoa wa wafugaji tunapoua kobe kwa nia njema. Karibu kila boma lina chupa ya ivamektini ya kuulia minyoo na kupe. Kwa mbuzi ni dawa. Kwa kobe ni sumu, inashika mishipa ya fahamu, anapooza na kufa. Usimchome, usimnyweshe, usimpake, hata kama umeona kupe mguuni.

Sindano ya "oksi" (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya mifugo) nayo iache kwenye boksi lake. Kipimo chake kwa kobe si cha ng'ombe kilichogawanywa, na hata mahali pa kuchoma pana kanuni: damu ya miguu ya nyuma ya kobe inaweza kupitia kwenye figo kwanza, ndiyo maana madaktari huchoma upande wa mbele. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mafuta ya taa, majivu, spiriti, Dettol na gundi ya "super glue" pia havina nafasi kwenye kidonda cha kobe.

## Toa taarifa siku hiyo hiyo

Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, huruhusiwi kumfuga nyumbani bila kibali, na "namuuguza tu" si kibali. Mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Eleza umempata wapi, ana jeraha gani na uko naye wapi. Andika jina la uliyezungumza naye, saa, na alichokuelekeza.

Wakikwambia umpeleke kwao, mpeleke. Wakikuruhusu kumhudumia, endelea na hatua zinazofuata.

Na usimnunue. Mtoto anakuja na kobe kwenye ndoo, unamwonea huruma, unatoa elfu mbili. Kesho analeta wawili, na hao hawakunaswa na wavu wowote.

## Hatua ya 1: Jua ni kobe gani uliyemshika

Watu huangalia umbo la gamba. Mimi nakwambia anza na miguu.

Kobe wa majini ana ngozi kati ya vidole, kama bata, na kucha ndefu. Akijificha, hukunja shingo pembeni chini ya ukingo wa gamba badala ya kuirudisha moja kwa moja ndani. Kwetu wapo wa aina mbili kubwa. Mmoja ni Pelomedusa, wa malambo na madimbwi ya msimu. Mwingine ni Pelusios, wa maji makubwa kama Mtera, ambaye gamba lake la tumboni lina bawaba kwa mbele na hujifunga kama mlango. Kwa huyu wa pili, chunga vidole vyako.

Kobe wa nchi kavu ana miguu minene kama ya tembo mdogo na hana ngozi kati ya vidole. Ukimtia majini anazama. Wengi humtambua kwa gamba lake la mviringo, lakini yuko mmoja anayewadanganya: kobe bapa wa kwenye miamba, mwenye gamba laini lililolala kama chapati. Watu humwona bapa, wakadhani ni wa majini. Yuko hatarini kutoweka kabisa, na tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukimkuta mzima kwenye mawe yake, mwache.

Jambo lingine la msimu wa kiangazi. Wafyatua matofali na wachimba visima huibua kobe aliyelala ndani ya tope lililokauka, amepoa na hajitikisi. Huyo haumwi. Pelomedusa hujizika hivyo kusubiri mvua. Mrudishie udongo, kachimbe pengine.

## Hatua ya 2: Mtoe majini pamoja na wavu wake

Usianze kukata nyuzi ukiwa ndani ya maji. Kata kipande kizima cha wavu kinachomzunguka, mnyanyue kwa mikono miwili kwenye kingo za gamba katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, mpeleke kivulini.

Sababu ni mbili. Kwanza, ukikosea kukata, anakimbia majini na nyuzi zimebaki mwilini, nawe hutamwona tena. Pili, nyuzi zenyewe zinakuonyesha zilipokaza.

Usimshike mkia. Usimlaze chali. Akilazwa mgongo chini, viungo vya ndani vinakandamiza mapafu, na aliyekunywa maji hana pumzi ya kupoteza.

Akikutolea harufu mbaya usishangae, ana tezi zake za kujilinda. Ni dalili kwamba bado ana nguvu ya kukuchukia.

## Hatua ya 3: Kama hajitikisi, usimzike

Kobe anaweza kukaa muda mrefu bila hewa na moyo wake ukapiga polepole kiasi kwamba huusikii. Nimeona wa Hombolo aliyetupwa kwenye rundo la magugumaji kama mzoga, jioni akanyanyua kichwa.

Fanya hivi:

1. Mshike kichwa kikiwa chini, nyoosha shingo polepole bila kuvuta kwa nguvu, acha maji yatoke mdomoni na puani.
2. Mlaze kwa tumbo kwenye kitambaa chenye unyevu. Inua sehemu ya nyuma kwa kitambaa kilichokunjwa, ili kichwa kiwe chini kuliko mkia. Kwa kobe wa ukubwa wa sahani, sentimita tano zinatosha.
3. Muweke kivulini, kwenye joto la kawaida. Usimwanike juani ili "apate nguvu". Mwili ukipashwa moto haraka unadai hewa nyingi ambayo mapafu yenye maji hayawezi kuitoa.
4. Kila baada ya nusu saa gusa kona ya jicho kwa ncha ya kitambaa, kisha finya mkia kidogo. Andika kama amejibu.

Usimsukume tumbo kama unayempa mtu huduma ya kwanza. Gamba halibonyei, utaumiza tu. Na usimmiminie maji mdomoni. Kosa hili huwa linafanywa na mtu mwenye huruma kuliko wote waliopo.

Mpe saa 24 kabla ya kusema amekufa.

Umefaulu ukiona anafumba jicho ukiligusa, kisha anavuta mguu, kisha anapumua mwenyewe. Hata akianza kutembea, hapati maji ya kuogelea siku hiyo. Akilala usiku kwenye kitambaa chenye unyevu na asubuhi yuko macho, ndipo uanze kufikiria beseni.

## Hatua ya 4: Kata nyuzi zote, na uhesabu

Nyavu za timba, zile za uzi mmoja mwembamba unaong'aa, zimekatazwa kisheria lakini bado zinafika mabwawani, na vipande vyake hubaki majini miaka. Uzi wake ukiloa hauonekani. Nyuzi za viroba vya salfeti ni mbaya vilevile, kwa sababu zinachanika kuwa nyembamba na kukata ngozi kama wembe.

Ingiza upande butu wa mkasi chini ya uzi, kata ukielekea nje ya mwili. Kata kila uzi mahali pawili au patatu, uuondoe kwa vipande. Usivute uzi mrefu ukapita kwenye kidonda, utasaga nyama njiani.

Uzi ulioingia ndani ya nyama na ngozi kuufunika, usiufukue. Lowesha kwa maji ya chumvi dakika kumi, jaribu tena kwa kibano. Ukikataa kutoka, ni wa daktari.

Sasa shingo. Kwa kuwa wanakunja shingo pembeni, uzi hujificha kwenye mkunjo na usiuone kabisa. Usimvute kichwa. Msukume miguu ya nyuma ndani taratibu kwa kidole. Gamba halina nafasi ya kila kitu, kwa hiyo kichwa kitajitokeza chenyewe. Mwenzako amulike kwa tochi pande zote mbili. Kwa Pelusios, angalia pia kwenye bawaba, na usiifungue kwa kisu.

Kobe wangu wa kwanza nilimpoteza hapa. Nilikata nyuzi zote nilizoziona, nikajisifu. Siku ya nne mguu wa mbele ulikuwa mweusi. Uzi mmoja wa salfeti ulikuwa umezama kwapani, umefunikwa na uvimbe. Tangu hapo kila kiungo nakipitia mara mbili, na mara ya pili ni kwa ncha ya kidole wala si kwa macho: miguu minne, shingo, mkia, kwapa zote.

Ukishafungua uzi uliokuwa umebana, mguu utavimba. Ni kawaida kwa siku moja au mbili, damu inarudi. Kisichokuwa cha kawaida ni mguu kuwa baridi, mweusi, wenye harufu, au usiojibu ukiufinya. Mguu uliobanwa uangalie kila siku kwa wiki mbili, maana nyama iliyokosa damu huchelewa kuonyesha kwamba imekufa.

## Hatua ya 5: Ndoana na mshipi

Kanuni ni fupi: usivute.

Ikiwa ndoana imetoboa mdomo au ngozi na jino lake limetokea upande wa pili, kata jino kwa plaizi, kisha irudishe ndoana ilikoingilia. Funika kwa kitambaa unapokata, kipande cha chuma huruka na kukupata machoni.

Ikiwa mshipi unatoka mdomoni na ndoana huioni, ameimeza. Ukivuta, ndoana inachana umio. Mbaya zaidi, mshipi ukiwa umeshaingia tumboni, utumbo hujikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa uzi, na mshipi unaukata kutoka ndani.

- Kama unampeleka kwa daktari: acha mshipi sentimita 30 hivi nje, ubandike kwa plasta juu ya gamba. Daktari ataufuata kama njia.
- Kama kweli hakuna daktari wa kumfikia: kata mshipi mfupi uwezavyo bila kuuvuta, angalia kama anakula na kupata choo.

Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, kilomita 260 hivi kutoka Dodoma mjini. Piga simu kabla ya kusafiri, ueleze ni kobe na ana ndoana. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuwa hajawahi kumtibu kobe hata mmoja, lakini picha ya eksirei anajua kuiagiza, na ndoana ya chuma inaonekana vizuri kwenye picha.

Safarini, iwe bodaboda au basi, kobe asafiri ndani ya boksi lenye matundu na kitambaa kilicholowa. Asisafiri ndani ya ndoo ya maji. Maji yanayoruka-ruka na mgonjwa aliyechoka ni kumzamisha mara ya pili.

## Hatua ya 6: Safisha majeraha

Vaa glovu. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa, na wewe utaumwa. Usimwoshe kwenye sinki la vyombo, watoto wasimbusu, na mikono inawe kwa sabuni kila mara.

Vuta maji ya chumvi kwenye bomba, yapige kwenye kidonda kwa msukumo wa wastani mpaka mchanga na uchafu utoke. Changanya ayodini kidogo na maji safi mpaka ifanane na chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Ikiwa nyeusi kama kahawa inaunguza nyama changa. Pangusa, acha ikauke.

Funza waondoe mmoja mmoja kwa kibano, na urudie kesho, maana mayai yatakuwa yameanguliwa. Ndiyo, inachosha. Mafuta ya taa yanaua funza na nyama pamoja.

Gamba lililopasuka, kwa kasia, injini ya boti au tairi, lisizibwe. Gundi inafungia uchafu ndani na usaha unakula mfupa. Gamba ni mfupa hai, lina damu. Safisha kingo, weka chachi yenye unyevu wa maji ya chumvi, funga kwa plasta ili vipande visisogee, kisha daktari. Ukiona ndani panapanda na kushuka kama anavyopumua, ufa umefika ndani ya mwili: usimwagie kitu chochote, funika tu na uondoke naye.

## Hatua ya 7: Joto kwanza, maji pili, chakula mwisho

Mpangilio huu usiugeuze. Kobe hana joto lake mwenyewe, analipata kwa mazingira. Mwili ukiwa baridi tumbo halisagi chakula, kinaozea ndani.

Joto. Mgonjwa akae kwenye nyuzi 25 hadi 28. Mchana Dodoma haitakusumbua. Tatizo ni usiku wa Juni na Julai, joto linaposhuka hadi nyuzi 13 hivi na upepo wetu unapita chini ya mlango. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, upande mmoja wa boksi, inatosha; upande wa pili ubaki bila chupa ili aweze kuikimbia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litawaua nyote wawili.

Maji. Akishakuwa macho na anainua kichwa vizuri, muweke kwenye beseni lenye maji ya nyuzi 26 hadi 28, kina kisichozidi kidevu chake akiwa amesimama. Dakika 20, ukiwa umekaa pale. Si umekwenda kupokea simu. Macho yaliyozama na ngozi iliyolegea ni kiu. Rudia mara mbili kwa siku.

Chakula. Baada ya saa 24 hadi 48. Pelomedusa na Pelusios hula majini, kwa hiyo chakula kinaingia wakati wa beseni: minyoo ya ardhini, wadudu, dagaa wabichi wazima wenye mifupa yao. Ugali, mkate, maziwa na wali si chakula chake hata akivila. Akikataa siku tatu za kwanza usimlazimishe kwa kijiti. Akikataa wiki nzima akiwa na joto la kutosha, kuna kitu tumboni au mapafuni.

## Hatua ya 8: Makazi ya mgonjwa

Mwenye kidonda kibichi akae pakavu, kwenye kreti lenye shuka lenye unyevu, na aingie majini kwa dakika za kunywa na kula tu. Kidonda kinachokaa majini saa 24 hakifungi. Hili huwapa watu shida kulikubali: "Kobe wa majini umemweka pakavu?" Ndiyo. Huyu huyu hukaa miezi kwenye tope kavu akisubiri mvua, hawezi kushindwa wiki mbili za kreti.

Vidonda vikifunga, mhamishie kwenye beseni la kina kidogo lenye jiwe bapa analoweza kupanda kutoka majini. Badilisha maji kila siku, na mara tu baada ya kula. Yakinuka umechelewa.

Jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja hivi, liingie kwake moja kwa moja. Jua lililopita kwenye kioo limepoteza miale inayomsaidia kujenga gamba. Nusu ya beseni iwe kivulini daima. Beseni dogo kwenye jua la saa saba linageuka sufuria.

Mpime uzito siku ya kwanza, kisha kila siku tatu, saa ile ile, kabla ya kula. Andika. Macho yako yatakudanganya kwamba amenenepa, mizani haitakudanganya.

## Hatua ya 9: Dalili kwamba amemeza plastiki au mapafu yameharibika

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vipande vya zamani na vifungashio vya sasa bado vinashuka na mvua kutoka mjini kuingia mabwawani. Kobe haoni mfuko. Anaona kitu laini kinachoyumba.

Mtie kwenye beseni lenye kina kirefu kidogo kuliko la kawaida na umwangalie anavyoelea. Mzima anaelea sawasawa na akitaka kuzama anazama. Anayeelea amelala upande mmoja ana hewa mahali isipotakiwa au pafu moja limejaa. Ongeza hapo mapovu puani, mdomo unaofunguka-funguka na shingo iliyonyooshwa juu, huo ni ugonjwa wa mapafu, apelekwe haraka.

Anayeelea nyuma juu, hali, hana choo siku kadhaa, mshuku ana plastiki au gesi kwenye utumbo. Mfuko wa plastiki kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei ya kawaida, tofauti na ndoana, kwa hiyo picha safi isikutulize. Usimnyweshe mafuta ya kula ili "aiteleze". Yakiingia mapafuni hayatoki.

Choo chake kichunguze kwa kijiti. Nimewahi kukuta kipande cha bluu cha mfuko kilichokunjwa kama karatasi ya pipi, na siku iliyofuata mgonjwa akala minyoo sita.

## Hatua ya 10: Kumrudisha

Usihesabu wiki, hesabu haya: vidonda vimefunga na kukauka, miguu yote inasukuma maji, anazama na kuibuka akiwa amenyooka, anakamata chakula kinachokimbia, uzito umepanda au umetulia kwa vipimo vitatu mfululizo. Aliyepoteza mguu mmoja anaweza kuishi akikidhi hayo mengine. Pungufu ya hapo, subiri. Afisa wanyamapori ajue siku na mahali.

Arudi bwawa lile lile alikotoka. Kumhamisha kutoka Mtera kwenda Hombolo kwa sababu "kule ni karibu na nyumbani" ni kuhamisha magonjwa pia. Kama ametoka kwenye lambo la msimu na sasa ni Septemba limekauka, usimwachie kwenye ufa wa udongo. Zungumza na afisa ili akae mpaka mvua zishike, Desemba hivi.

Nenda asubuhi. Waulize wavuvi nyavu zimetegwa wapi, nawe uende upande mwingine. Pita ukingoni kwanza uokote timba na viroba vilivyotupwa, uvibebe kwenye mfuko wako mpaka mjini.

Mweke nchi kavu, mita moja kutoka majini, akielekea bwawa. Usimrushe. Rudi nyuma ukae kimya, maana baadhi hukaa robo saa wamejificha kabla ya kutoa kichwa. Akiingia, usiondoke bado. Angalia juu ya maji kwa dakika ishirini. Unachotafuta ni pua ndogo ikiibuka mbali kidogo na ulipomwacha, ikivuta hewa na kuzama tena, bila kuinamia upande. Ukiiona mara mbili, andika saa kwenye daftari.